Arnold Jacobs na Sauti za Chini

Jioni za Jumamosi katika kata ya Mwembesongo, hapa Manispaa ya Morogoro, si ajabu kusikia matarumbeta ya harusi yakipita juu ya gari la wazi. Watoto hukimbia nyuma ya msafara, na macho yao aghalabu hayamwelekei mpiga tarumbeta ndogo, bali yule aliyelikumbatia lile bomba kubwa la shaba liitwalo tuba, ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la besi. Mwenye sikio la kufundisha atatambua jambo moja. Tarumbeta ndogo huitika mara ipulizwapo, ilhali besi, hasa inaposhuka kwenye sauti zake za chini kabisa, huja nyuma ya ngoma. Hukoroma kwanza, halafu ndipo inene. Na pengine haineni kabisa, ikatoka hewa tupu.

Kwa kuwa vyombo vya namna hii havinunuliwi kila mwaka, mwalimu wa shule ya msingi anayeangukiwa na kazi ya bendi huipokea kama urithi: tarumbeta mbili tatu zilizotoka usharika wa jirani, ngoma kubwa, na tuba moja iliyobonyea kama sufuria ya kambini. Mimi niliipokea hivyo katika shule moja, na pamoja na tuba nikampokea mvulana wa darasa la sita aliyeipenda kuliko chakula. Sauti za kati alizitoa vizuri. Aliposhuka chini zilikatika. Nikamwambia akaze tumbo, apulize kwa nguvu zake zote. Alitii. Uso ukamwiva, mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti ikazidi kufa. Kabla muhula haujaisha aliiacha tuba, nami nikaandika katika daftari langu kwamba hana kipaji. Laiti ningalisoma mapema maisha ya mtu ninayemsimulia hapa, nisingaliandika neno lile.

Arnold Jacobs alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 11 Juni 1915, akalelewa California. Mama yake alikuwa mpiga kinanda, na mwenyewe alisema daima kwamba hamu ya muziki aliirithi kwake. Chombo chake cha kwanza kilikuwa tarumbeta fupi isiyo na vali, ile wanayopiga maaskari na maskauti asubuhi bendera inapopandishwa. Kutoka hapo alipanda kwenye tarumbeta ya kawaida, kisha tromboni, na mwisho tuba.

Msomaji asiipite haraka ngazi hiyo ya kwanza. Tarumbeta isiyo na vali haina cha kubonyeza. Vidole havina kazi. Sauti zote, ya juu na ya chini, hutengenezwa na midomo peke yake, na midomo haiwezi kuipata sauti ambayo sikio halijaisikia kwanza ndani. Mtoto anayeanzia hapo hulazimika kuimba kimoyomoyo kabla ya kupuliza. Anayeanzia kwenye vali huja na kosa ambalo sisi walimu humfundisha bila kujua: hudhani kwamba kubonyeza vali ya kwanza ndiko kupiga noti, kama vile kubonyeza swichi ndiko kuwasha taa. Mambo mengi aliyokuja kuyafundisha Jacobs baada ya miaka arobaini yalikuwa tayari yamo katika kile kipande cha shaba cha utotoni.

Alipofikia umri wa miaka 15 aliingia Chuo cha Muziki cha Curtis, mjini Philadelphia, kwa ufadhili wa masomo. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na chuo kile hakikuwatoza wanafunzi ada. Mwalimu wake wa tuba alikuwa Philip Donatelli, mpiga tuba wa Okestra ya Philadelphia iliyoongozwa na Leopold Stokowski. Kwa Donatelli ndiko Jacobs alikopata chombo kilichomfuata maisha yake yote. Kiwanda cha York, katika mji wa Grand Rapids, kilikuwa kimetengeneza tuba kubwa mno kwa kuwa Stokowski alitaka sauti ya chini yenye kina, kama ya kinanda cha kanisani. Donatelli alikuwa mtu mnene, na inasimuliwa kwamba chombo kile hakikumkaa vizuri mwilini. Akamwuzia mwanafunzi wake kwa dola 175, kwa malipo ya kidogo kidogo. Hivyo ndivyo kijana asiye na fedha alivyopata tuba ambayo watengenezaji wa nchi nyingi walikuja kuipima na kuiiga.

Alihitimu mwaka 1936. Akapiga misimu miwili katika Okestra ya Indianapolis, na kuanzia mwaka 1939 hadi 1944 alikuwa Pittsburgh chini ya Fritz Reiner, kiongozi aliyesifika kwa ukali na kwa ishara ndogo sana za mkono. Mwaka 1941 alisafiri nchini mwake pamoja na okestra ya vijana ya Stokowski. Mwaka 1944 aliingia Okestra ya Chicago, na hapo alikaa miaka 44, mpaka alipostaafu mwaka 1988.

Ili tumwelewe mtu wa kazi hiyo, yafaa tujue kwamba tuba ni chombo kichanga ukikilinganisha na zumari au baragumu. Hataza yake ilitolewa Berlin tarehe 12 Septemba 1835 kwa Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz. Katika okestra kubwa huwamo wapiga fidla kwa makumi, lakini mpiga tuba ni mmoja. Huweza kukaa kimya kwa nusu saa, mikono ikipata baridi, kisha akatakiwa atoe noti moja ya chini, laini, kwa wakati ule ule anaoonyeshwa. Akichelewa hana wa kumfichia aibu. Kwa hiyo swali la sauti ya chini kuitika halikuwa kwa Jacobs suala la vitabuni. Kila juma lilikuwa mkate wake.

Kwa nini basi sauti za chini huchelewa? Tuba ya Bb, ambayo ndiyo ya kawaida katika bendi zetu, ina bomba la urefu wa karibu mita 5 na nusu likikunjuliwa lote, bila kuhesabu vipande vinavyoongezwa na vali. Midomo ya mpigaji ndiyo inayotetema. Bomba hukuza tu na kuutuliza mtetemo huo. Mpigaji anapoanza, wimbi la kwanza hutoka midomoni, likasafiri hadi mwisho wa bomba, sehemu yake ikarudi tena midomoni kuisaidia. Safari hiyo ya kwenda na kurudi, mita 11 kwa jumla, huchukua karibu sehemu 3 za mia za sekunde. Ni muda mfupi mno kwa anayetembea, lakini kwa midomo ni muda wa kuachwa peke yake. Mpaka wimbi lirudi, midomo lazima itetemeke bila msaada wowote, kwa kasi sahihi ya noti inayotakiwa. Ikitetemeka kwa kasi nyingine, wimbi linaporudi hukuta wageni badala ya wenyeji, nao hugombana. Huo ugomvi ndio ule mkoromo tunaousikia.

Na kasi yenyewe ya sauti za chini ni ndogo. Noti ya Bb ambayo wapigaji wa bendi huitumia kama ardhi ya nyimbo zao ni mitetemo 58 kwa sekunde. Midomo inayotakiwa kufunguka na kufunga taratibu namna hiyo lazima iwe laini na minene, na hewa inayopita kati yake iwe nyingi. Mtoto akikaza midomo, haitafunguka mara 58; ama itafunguka mara nyingi zaidi, akapata noti ya juu asiyoitaka, ama haitafunguka kabisa.

Jacobs alipofika Chicago alianza kusoma habari za mwili wa binadamu: mapafu, mbavu, kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, misuli ya tumbo na ya koo. Alisoma kwa bidii hata madaktari wakawa marafiki zake, na katika Chuo Kikuu cha Chicago walipimwa wapigaji wa vyombo mbalimbali kwa mashine, waone hewa inatoka kwa shinikizo gani na kwa wingi gani. Jambo moja lililothibitika huko lina faida kubwa kwetu. Noti ya juu huhitaji shinikizo kubwa na hewa kidogo. Noti ya chini huhitaji shinikizo dogo na hewa nyingi. Tena jambo hilo hufuata noti, halifuati jina la chombo: tarumbeta na tuba zinapokutana kwenye noti ile ile moja, kwa ukubwa ule ule wa sauti, shinikizo la hewa kinywani hukaribiana.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mvulana wangu. Nilikuwa nimemwamuru aongeze kile kile ambacho noti ya chini haikitaki.

Jacobs alieleza kosa hilo kwa kuonyesha kwamba misuli ile ile ya kiwiliwili imepewa kazi zaidi ya moja. Wako wakulima wanaoshuka milima ya Uluguru alfajiri na mizigo ya ndizi na mboga kichwani kuja kuuza mjini. Mtazame mmoja wao anapoinua mzigo kutoka chini. Kwanza huvuta pumzi, kisha huifunga kooni, akakaza tumbo, mgongo na kifua kwa pamoja, ili mwili wake uwe nguzo. Ni jambo la busara kabisa kwa anayeinua mzigo. Lakini katika hali hiyo hewa haitoki. Misuli ya kutoa pumzi na misuli ya kuvuta pumzi inavutana, hakuna inayoshinda, na koo limefungwa kama mlango wa ghala. Mwanafunzi anayeambiwa akaze tumbo huufanya mwili wake kuwa nguzo hiyo. Anahisi nguvu nyingi, na mwalimu anaona nguvu nyingi, lakini kwenye tuba haingii kitu. Jacobs alirudia maisha yake yote kwamba nguvu inayohisiwa mwilini si hewa inayotembea, na kwamba chombo hupigwa kwa hewa inayotembea.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomfanya astahili kurasa za jarida la walimu, wala si za wanamuziki peke yao. Mtu aliyeijua misuli yote kwa majina, aliyekuwa na picha za mapafu na mifano ya mifupa chumbani mwake, alikataa kumfundisha mwanafunzi kwa majina hayo. Alitenganisha kabisa kile mwalimu anachopaswa kukijua na kile anachopaswa kumwambia mwanafunzi. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mtoto mchanga hajifunzi kutembea kwa kuamrisha misuli ya goti. Hujifunza kwa kumtaka mama yake aliye upande wa pili wa chumba. Lengo likiwa wazi akilini, mwili hutafuta njia. Ukimwamrisha mtoto atie akili kwenye goti, ataanguka.

Kwa mpuliza tuba lengo ni wimbo. Jacobs alitaka sehemu kubwa ya akili ya mpigaji iwe kwenye sauti anayoisikia kichwani, nzuri, kamili, kama ambavyo ingepigwa na mpigaji bora duniani, na sehemu ndogo tu iwe kwenye pumzi. Midomo haikuwa na fungu. Alijua kwamba midomo itafuata, kama koo la mwimbaji linavyofuata bila mwimbaji kujua limefanya nini. Nyumbani kwake, na baadaye katika chumba alichokodi katikati ya Chicago, walikuja wapigaji wa tuba, tarumbeta, honi, tromboni, filimbi, hata waimbaji, kutoka nchi mbalimbali. Wengine walikuwa wataalamu waliokwama, walioanza kuziogopa noti walizokuwa wakizipiga tangu utoto. Alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Northwestern.

Namna yake ya kufundisha pumzi ilikuwa ya kuondoka kwenye chombo. Aliona kwamba mwanafunzi mwenye mazoea mabaya, akishika tu tuba, mazoea yale huamka kabla hajapuliza. Basi alimpa kitu kigeni: mfuko wa kuvutia na kutolea hewa, vipima pumzi vya hospitali, mrija wenye kipira kidogo ndani kinachopanda hewa ikipita. Kitu hicho hakikuwa na kumbukumbu ya kushindwa. Mwanafunzi alivuta na kutoa pumzi huku akiona kwa macho, na mazoea mapya yakajengwa hapo pembeni, mahali pasipo na ugomvi. Ndipo Jacobs alipomrudishia chombo, taratibu, akianzia na kipulizio peke yake, yaani kile kikombe cha shaba kinachowekwa midomoni. Baada ya kifo chake vifaa hivyo vimeuzwa sana, na wapo wanaodhani kwamba kununua mrija wenye kipira ni kununua mafundisho yake. Huko ni sawa na kununua chaki ukadhani umenunua somo.

Kwa wanachuo ambao watakuwa katika shule zisizo na kifaa chochote, kazi hiyo yaweza kufanywa na mkono wenyewe. Asubuhi za baridi kule Nyandira watoto huweka viganja mbele ya kinywa na kuvipulizia ili vipate moto. Pumzi hiyo ni pana, ya uvuguvugu, hutoka bila kelele, na koo limefunguka. Mtoto huyo huyo akipewa uji wa moto huupuliza kwa namna nyingine: midomo imebanwa, hewa ni nyembamba, ya baridi, inakwenda kasi. Pumzi ya uji ni ya noti za juu. Pumzi ya viganja ni ya noti za chini. Sijapata kumwona mtoto wa Uluguru ambaye hazijui zote mbili, na hakuna aliyemfundisha kiwambo ni nini.

Katika sauti za chini zenyewe, mafundisho ya Jacobs yalikwenda kwa mfuatano ambao mwalimu yeyote wa kusoma na kuandika ataupenda: kutoka kinachojulikana hadi kisichojulikana. Hakumpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye noti iliyokufa na kumkalisha hapo kuipigapiga. Alitafuta noti ya kati ambayo mwanafunzi aliipiga vizuri, akamwacha aifurahie, kisha akamtaka aushushe uzuri ule ule hatua moja, na nyingine. Kwa lugha ya tonika solfa inayotumiwa na kwaya zetu, mwanafunzi apige do nzuri, aende ti bila kukata pumzi, la, so, na pale sauti inapoanza kuharibika arudi juu mahali ilipokuwa nzuri, aichukue tena, ashuke tena. Ubora ndio unaoshuka, noti zinaufuata.

Pili, alipenda nyimbo kuliko mazoezi makavu. Wimbo anaoujua mtoto, upigwe kwanza katikati, kisha upigwe huo huo chini zaidi. Sikio likishaujua wimbo halikubali noti ipotee, huidai. Noti ndefu moja isiyo na wimbo humwacha mtoto akisikiliza woga wake. Na kabla ya kupiga, aimbe. Kisha apige wimbo huo kwa kipulizio peke yake, ukisikika kama mlio wa nyuki lakini ukiwa na noti zake sahihi. Nimekwisha kueleza kwamba kwa sehemu ya sekunde midomo ya mpiga tuba huachwa peke yake bila msaada wa bomba. Kipulizio peke yake ni shule ya upweke huo. Mtoto anayeweza kuupiga wimbo pasipo bomba, atakapopewa bomba ataliona kama msaada.

Tatu ni irabu. Hapa sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa watoto wetu huanza shule kwa irabu tano zilizo safi. Jacobs alifundisha kwamba ulimi ukiinuka huziba njia ya hewa, na kwamba mpigaji wa sauti za chini atamke kimoyomoyo silabi yenye irabu ya o. Mwanafunzi ajaribu mwenyewe: aseme ti, kisha to, akiusikiliza ulimi wake. Katika ti ulimi umepanda hadi karibu na paa la kinywa; katika to umelala na nafasi imefunguka. Mtoto anayepuliza tuba huku ulimi wake ukisema ti, hata akiwa na mapafu ya tembo, hewa yake inapita kwenye ufa. Na kama t yenyewe inagonga mno, hata noti ikapasuka mwanzoni, aiache kwa siku chache, aanze kwa ho, hewa peke yake, mpaka noti izoee kuitika. Kisha ulimi urudishwe kwa upole.

Liko suala la wingi wa pumzi, ambalo humtia mwalimu wa watoto mashaka. Mtu mzima mwenye afya huweza kutoa lita 4 au 5 kwa pumzi moja kamili. Mtoto wa miaka 11 au 12 hutoa lita 2 na kitu. Tuba ikipigwa kwa nguvu chini kabisa huweza kumaliza lita moja kwa sekunde. Hesabu hiyo haina huruma, na mwalimu anayemkataza mtoto kuvuta pumzi katikati ya msitari anapingana nayo. Jacobs angemwambia avute mara nyingi, na avute tele, kwa kuwa mapafu yaliyojaa hutoa hewa kwa urahisi kuliko yaliyo nusu.

Alilijua hilo mwilini mwake mwenyewe. Wengi waliomsikia walidhani ana kifua cha ajabu. Kumbe mapafu yake yalikuwa yamepungukiwa uwezo kwa ugonjwa alioupata utotoni, na alipokuwa mtu mzima pumu ikamwingia. Kadiri miaka ilivyopita uwezo ukazidi kupungua, kama unavyopungua kwa kila binadamu, lakini kwake ulianza kwenye kiasi kidogo. Mtu aliyewafundisha wengine duniani namna ya kutumia hewa alikuwa na hewa kidogo kuliko wengi wa wanafunzi wake. Nadhani hiyo ndiyo sababu mafundisho yake hayana majivuno ya nguvu. Hakuwa na nguvu ya kupoteza. Alilazimika kujua kila pumzi inakwenda wapi, avute wapi bila wimbo kukatika, na misuli ipi iache kufanya kazi isiyoiombwa.

Katika hali hiyo alipiga chini ya Reiner tena, aliyekuja kuiongoza Chicago mwaka 1953, kisha chini ya Georg Solti tangu mwaka 1969, katika miaka ambayo kundi la shaba la okestra ile, pamoja na Adolph Herseth kwenye tarumbeta, lilisifiwa karibu kila nchi lilikosikika. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa wapigaji wa Chicago, Philadelphia na Cleveland waliorekodi pamoja muziki wa Gabrieli. Mwaka 1977 alirekodi tamasho la tuba na okestra la Ralph Vaughan Williams, Daniel Barenboim akiongoza. Anayeisikiliza santuri ile akijua habari za pumu hawezi kuisikiliza kama awali. Hakuna mahali panaposikika pumzi ikitafutwa.

Alipostaafu mwaka 1988 alikuwa na umri wa miaka 73. Macho yalianza kumchosha, lakini aliendelea kufundisha. Yeye mwenyewe hakuacha maandishi mengi. Mafundisho yake yalikusanywa na wanafunzi wake, na kitabu kikubwa juu ya maisha na mafundisho yake kilitolewa na Brian Frederiksen mwaka 1996, Jacobs akiwa bado hai kukiona. Aliaga dunia tarehe 7 Oktoba 1998.

Ile tuba ya York aliyoinunua kwa dola 175 aliiacha mikononi mwa Okestra ya Chicago, pamoja na pacha wake, kwa kuwa kiwanda kile kilitengeneza mbili. Gene Pokorny, aliyekikalia kiti cha Jacobs mwaka 1989, alizipiga mbele ya wasikilizaji wa Chicago. Tuba yangu iliyobonyea bado ninayo. Juma lililopita nilimpa msichana wa darasa la tano, nikamwambia kwanza avipulizie viganja vyake, kisha aimbe do. Aliniuliza kama avue viatu. Sikujua sababu, nikamwambia avue.